Maharusi wa Mti Waliolazwa

Niuseme ujinga wangu mwanzo, ili msomaji asipate taabu ya kuutafuta. Mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu na cheti cha kidato cha nne, niliingia nyumba ya jirani na mwenyewe hayupo, nikawakuta maharusi wawili wa mti wamelala chali, nikadhani wameanguka, nikawasimamisha. Bibi harusi nguo yake ilikuwa imelegea, nikamfunga vizuri. Nikarudi kwangu nikiona nimetenda wema. Kwa wema huo, mtu mmoja akakaribia kukosa kitu alichokuwa akikingojea tangu ndevu zake zikiwa nyeusi.

Jengo letu liko mtaa wa Ghala, Maskati, pale ambapo magereji yanaishia na nyumba za watu zinaanza, ingawa vumbi halijaambiwa mpaka uko wapi. Mwanangu ana villa Al Khoudh na kila Ijumaa hunikumbusha kuwa chumba changu kipo tayari, kimeshapakwa rangi. Namjibu inshallah. Inshallah yangu ya hapo ni ile ya fundi bomba akiahidi kuja kesho. Mimi si mtu wa kuhama, wala si mtu wa kutoka. Safari yangu ndefu ni kutoka jikoni mpaka ukumbini, na katikati nnakaa kitako kidogo nipumzike. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nikifa nizikwe karibu na friji, nisije nikachoka njiani.

Mlango unaotazamana na wangu alikaa shoga yangu. Mhindi wa kusini, Mtamili, lakini kakulia Tanga. Baba yake alipelekwa kule kusomesha hesabu, na yeye akacheza na watoto wa mtaani mpaka akajua kutukana kabla hajajua kusalimia. Siku walipohamia nilisikia mwanamke kwenye ngazi za jengo anajigombeza kwa Kiswahili kwa kuangusha funguo zake. Nilifungua mlango na unga mikononi. Tangu siku ile milango yetu miwili ilikuwa kama mlango mmoja uliopasuka. Ufunguo wake wa akiba ukakaa kwangu ndani ya kikombe cha kahawa, na wangu ukakaa kwake, kwa sababu mimi ndiye ninayejifungia nje nikienda kutupa taka.

Sasa habari ya sanamu. Kila mwaka wana sikukuu yao ya siku tisa, ya mungu wao wa kike. Kwa Watamili sikukuu hiyo hukaa nyumbani, jambo ambalo mimi binafsi naliheshimu sana. Mwanamke hutengeneza ngazi ukumbini kwake, saba kwa shoga yangu, za mbao na maboksi, akazitandika shuka nyeupe, kisha akapanga sanamu za udongo na za mti alizorithi na alizonunua. Miungu yao huwa juu. Huko mimi sikuwa nikitazama sana, nna dini yangu. Mimi nilikuwa mtu wa ngazi za chini. Huko chini kulikuwa na kijiji kizima. Kulikuwa na mwenye duka mnene na mkewe mnene zaidi, mbele yao vigunia vya mchele halisi na choroko halisi, punje kwa punje. Kulikuwa na mpiga zumari mashavu yamemjaa upepo, wapiga ngoma, na mwanamke anayecheza na chungu cha maua juu ya kichwa bila kukishika. Kulikuwa na mchezaji ngoma mwenye kichwa kinachonesa. Ukipita karibu, kwa upepo wa kanga yako anakuitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Katika jengo zima yeye peke yake alikuwa akikubaliana na mimi.

Na mwisho kabisa kulikuwa na hekalu la kijiji na gari lake la sikukuu, la mti, limechongwa kama mnara, linavutwa na watu wadogo wamepangana kwenye uzi. Tembo wa msafara alivunjika mguu zamani. Nilimnunulia shoga yangu ngamia sokoni Matrah, katika vile vitu wanavyouziwa watalii, naye akamweka mahali pa tembo bila kusita. Kwa hiyo hekalu lile la India ya kusini liliongozwa miaka yote na ngamia wa Oman, na hakuna aliyelalamika.

Sanamu za kwanza kupangwa ni maharusi. Mume na mke, wa mti mwekundu mzito, urefu wa kiganja na nusu. Mama humpa binti yake siku ya kuolewa, na kila mwaka huvalishwa nguo mpya. Shoga yangu alipewa wake Tanga, akenda nao India kuolewa, akaja nao Maskati. "Hawa ndio waliosafiri kuliko mimi," alikuwa akisema, "na hawajawahi kuumwa miguu."

Siku hizo tisa wanawake hutembeleana kwa zamu. Mgeni hupewa dengu zilizochemshwa, zikatiwa nazi ya kukuna na mbegu za haradali, sisi hapa tungeziita dango tukazila na pilipili tu. Akiondoka hupewa tambuu na popoo na kipande cha manjano na ndizi. Dada yangu anayekaa Matrah alipojua nnakwenda, alinipigia simu.

"Ati unakwenda kukaa na masanamu?"

"Nnakwenda kula dengu."

"Na masanamu je?"

"Yenyewe hayali."

Kulikuwa na jambo moja tu lililonisumbua. Mgeni huombwa aimbe, lolote analolijua, mbele ya ngazi. Mwaka wa kwanza nilisema nna mafua. Mwaka wa pili koo. Mwaka wa tatu nikarudia mafua, shoga yangu akanitazama akasema, "Haya mafua yako yana kalenda." Tangu hapo nikawa nakula dengu mapema na kuaga mapema, kabla ya nyimbo. Kwa hiyo kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuona sikukuu inavyomalizwa. Ujinga wangu ulianzia hapo.

Mume wake alikuwa mtunza bohari la vipuri vya magari, hapo hapo Ghala. Mtu mkimya, shati la mikono mirefu hata kwenye joto la kuchemsha yai. Mimi naye tulizungumza kwa Kiarabu kile cha dukani, kisicho na mwanzo wala mwisho, na vijineno vya Kiswahili alivyookota kwa mkewe akigombezwa. Kwenye ngazi ya chini kulikuwa na sanamu ya farasi, nayo ndiyo sanamu pekee aliyoipangusa vumbi mwenyewe. Shoga yangu alinieleza sababu. Ujanani mumewe alikuwa akicheza farasi huyo kwenye sikukuu ya hekalu la kijiji chao. Mchezaji huvaa kiunoni kiunzi cha farasi cha mianzi na karatasi, kimepambwa vioo. Miguuni hufunga magongo ya mti, hata akikanyaga husikika kwato. Yeye alikuwa mfalme, na mwanamme mwengine, fundi cherehani, alikuwa malkia, na wawili hao hucheza mbele ya lile gari refu kama nyumba ya ghorofa, linalovutwa kwa kamba nene na kijiji kizima kuzunguka mitaa minne ya hekalu.

Kisha akaja Oman. Likizo yake siku zote ilitolewa mwezi ambao bohari halina kazi, na mwezi huo hekalu la kwao nalo limelala. Basi akawa anaiona sikukuu kwa simu. Mpwa wake humpigia na kamera wazi, naye hutoka kusimama kwenye ujia wetu, ambako mtandao unashika. Kwenye kioo kile huoni kitu ila vumbi, migongo ya watu, na farasi mmoja akipita kama amefukuzwa. Siku moja nilifungua mlango nikamkuta anapiga kisigino sakafuni, taratibu, kwa kufuata ngoma ya kwenye simu. Aliponiona akajifanya anaua mende.

Mwaka ninaousema, mkataba wake ulikwisha. Kampuni ilikuwa tayari kumuongezea mwaka mmoja, na jibu ilitakiwa alipeleke Alhamisi. Mkewe alitaka akubali. Yeye hakutaka. Sikukuu ya kwao ilikuwa karibu, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke hakuwa na wa kumuomba ruhusa.

"Magoti hayo utacheza farasi gani?" nilimtania siku moja, maboksi yameshaanza kujipanga ukutani.

"Mama, farasi khalas," akanijibu. "Kamba, bas."

Farasi kwisha, kamba tu. Alitaka kuishika ile kamba pamoja na wenziwe, likivutwa gari. Haikuwa na sharti la magoti mazuri.

Shoga yangu akapanga ngazi zake mwaka ule kwa nusu roho, za mwisho Maskati. Jioni ya kumaliza nilikwenda, nikala dengu, nikainama kuokota kijiko, na makalio yangu, ambayo yana historia yake, yakagonga ngazi. Kijiji kizima kikatetemeka. Mchezaji wa kunesa kichwa alisema ndiyo kwa muda mrefu sana. Hakuna kilichoanguka, nikaaga upesi kabla ya nyimbo na kabla ya hasara. Sinia langu la shaba nililomuazima nikalisahau kule.

Asubuhi yake wakwe wa mwanangu walikuwa wanakuja kula kwangu, na pilau bila ya sinia lile ni wali tu. Nikagonga, hapana mtu. Walikuwa wamekwenda kwa watu wa kusafirisha mizigo. Nikachukua ufunguo kwenye kikombe, nikaingia. Sinia lilikuwa kando ya ngazi. Na juu ya ngazi, maharusi wamelala chali, ubavu kwa ubavu.

Nikajua ni mimi. Nani mwengine? Niliona kabisa ilivyokuwa: nimegonga jioni, wakalegea, usiku kiyoyozi kimetikisa, wakaanguka. Nikamshukuru Mungu hawakuvunjika. Nikamsimamisha bwana, nikamsimamisha bibi, kijinguo chake nikakivuta, nikakizungusha, nikakikaza. Nikachukua sinia langu, nikafunga mlango, nikenda kukaanga vitunguu.

Alasiri, wakwe wanakunywa kahawa, mlango ukagongwa. Shoga yangu, uso umemkauka.

"Shoga, wamesimama."

"Nani?"

"Maharusi."

Nilikuwa na upawa mkononi. "Si ndiyo kawaida yao?"

"Hujui. Jioni ya mwisho tunawalaza. Tunawaimbia, tunawalaza, ndiyo sikukuu imekwisha, wanafungwa ndani ya nguo mpaka mwakani. Nimewalaza jana kwa mikono yangu. Leo tumerudi, wamesimama."

Pale ndipo nilipouona ujinga wangu, wote, kama mtu aliyewashiwa taa bafuni. Nikafungua mdomo niseme. Wallahi niliufungua.

"Mume wangu amewaona kabla yangu," akaendelea. "Ameketi kwenye boksi. Anasema hawataki kwenda. Anasema atawaambia kampuni ndiyo, mwaka mmoja."

Na mdomo wangu, ambao kwa kawaida hauhitaji sababu ya kufunguka, ukajifunga.

Sitajipamba. Nilifurahi. Shoga yangu habanduki, chumba cha Al Khoudh kitakaa na rangi yake, na dengu zipo mwakani. Nikamjazia sahani ya pilau aende nayo, nikamwambia Mungu ndiye ajuaye. Jambo hilo ni kweli, lakini safari ile mimi pia nilikuwa najua.

Siku zilizofuata nilisikia kupitia mlango jinsi mzigo unavyofunguliwa. Wengi wetu tumeizoea sauti ya selotepu ikifunga. Ikibanduliwa husikika vyengine, inakwenda taratibu, kama mtu anayetoa plasta kwenye kidonda chake mwenyewe. Wakarudisha sufuria. Wakarudisha jiko la wali. Ngazi zilibaki zimesimama ukumbini na maharusi wao, maana hakuna aliyethubutu kuzigusa, na kila nikiingia nilikuwa napita ubavu ubavu kama kaa.

Jumanne lifti ilikuwa mbovu, kama kawaida yake pakiwa na joto. Nilimkuta mume wake chini, anarudi kazini, fulana ya ndani imeonekana kwa jasho.

"Khalas, mama," akaniambia, akacheka kwa mdomo tu. "Kamba mwaka mwengine."

"Inshallah," nikasema. Inshallah ya fundi bomba.

Akashika chuma cha ngazi kwa mikono miwili, akajivuta juu. Akapumzika. Akajivuta tena. Mimi nikabaki pale chini na mfuko wangu wa vitunguu, namwangalia anavyovuta kile chuma kana kwamba upande wa juu pana kitu kizito kimefungwa. Nilichoka pale. Uchovu wa miguu naujua vizuri, lakini huu ulikuwa mwengine. Nilichoka na nafsi yangu, kama unavyomchoka mgeni aliyesema atalala siku moja.

Kesho yake ilikuwa Jumatano, jibu la kampuni halijapelekwa bado. Nilimkuta shoga yangu anapoza kahawa kwa namna yao, anaimimina kutoka bilauri moja kwenda nyengine, kutoka juu, ndefu kama uzi, wala haimwagiki. Nikakaa kwenye kiti kilicho mbali na ngazi.

"Shoga, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyewasimamisha. Nilikuja kuchukua sinia langu, nikadhani nimewaangusha mimi jana yake, na makalio haya. Nikawasimamisha. Basi. Hakuna jengine."

Akaendelea kumimina. "Sinia la shaba?"

"Ndilo."

"Niliona halipo."

Nikamtazama. Yeye hakunitazama.

"Nenda kamwangalie bibi harusi," akasema.

"Nimeshamwona."

"Kamwangalie tena. Umemfunga vipi?"

Nikenda. Kijisari cha hariri kilikuwa kimezungushwa kiunoni mara tatu, kimekazwa, ncha imechomekwa ubavuni. Nilikuwa nimemfunga kibwebwe. Mikono yangu haijui namna nyengine.

"Mama yangu alinipa bibi harusi mwenye haya," shoga yangu akasema. "Huyu amesimama kama anakwenda kumpiga mtu kisimani."

"Ulijua tangu siku ile?"

"Nilijua kabla sijafika mlangoni kwako. Nilikuja kukupa nafasi useme. Ukanipa pilau."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini wewe hukuniambia?"

Kiyoyozi kikatetemeka, kikanyamaza, kikaanza tena. Akaniwekea bilauri yangu mbele, akakaa.

"Kule kwao mimi ni mgeni," akasema. "Nikisema Kitamili wanacheka, wanasema nazungumza kama redio ya bibi yao. Jiko ni la dada zake. Nikitaka kumtukana mtu kwa Kiswahili, nani atasikia? Hapa nna mlango wako. Basi nilipoona kibwebwe nikasema, ahsante Mungu, umeniletea huyu mjinga."

"Karibu," nikasema.

"Lakini leo asubuhi nimemkuta jikoni anaangalia simu. Ile sikukuu ya mwaka jana, iliyorekodiwa. Ameizima sauti, isinikere." Akainua bilauri, akaishusha bila kunywa. "Amechoka, shoga. Na mimi nimechoka kumwona amechoka."

Tukanywa kahawa yetu mpaka ufunguo ukasikika mlangoni. Mumewe aliingia, akavua viatu, akaona sura zetu, akauliza kwa macho nani kafa. Mkewe akamweleza kwa Kitamili, maneno mengi, mbio mbio. Mimi nilishika mawili tu, sinia na kibwebwe, maana hayo aliyaacha kwa Kiswahili. Akamtazama bibi harusi. Akanitazama mimi. Akamtazama tena bibi harusi.

"Mama. Wewe?"

"Mimi."

"Si mungu?"

"Si mungu. Sinia."

Nikangoja anifukuze. Ingekuwa haki yake, na mimi nisingekwenda mbali. Akaketi juu ya boksi, akajifunika uso kwa viganja, mabega yakawa yanatikisika. Mpaka leo sijui alikuwa anacheka au vipi, na sikumuuliza, maana viko vitu ambavyo hata mimi siviulizi. Kisha akanyanyuka, akachukua selotepu juu ya kabati, akaanza kutafuta ncha yake kwa ukucha. Akaizungusha. Akaizungusha tena. Miwani imemshuka puani, haioni.

Shoga yangu alimwangalia hivyo kwa muda. Halafu akamnyang'anya, akaipata ile ncha mara moja, akaibandua kidogo na kumrudishia ikiwa tayari. Alikwenda kwenye ngazi.

Alimfungua bibi harusi kibwebwe changu, akamvalisha upya, kitambaa begani, mikunjo mbele, haya zake zikarudi. Akawachukua wote wawili, akanigeukia.

"Wanalazwa kwa wimbo. Safari hii unaimba wewe. Wewe ndiye uliyewaamsha."

"Nna mafua."

"Kalenda yake bado."

"Shoga, mimi na masanamu—"

"Niimbie mimi basi. Wao watasikia kwa bahati mbaya."

Nikasimama. Nikaligeukia friji lake, nikatia nia kwamba nambembeleza shoga yangu na friji, na Mungu ndiye ajuaye yaliyomo vifuani. Nikaimba ule wimbo wa kubembelezea watoto ambao mama yangu alituimbia sote, na sote tulilala, labda kwa kujiokoa. Sauti yangu ilitoka kama mlango wa ghala usiotiwa mafuta. Nyuma yangu nikasikia anawalaza, mti kwa mti, taratibu. Nikasikia selotepu nayo imeanza, ndefu, inafunga. Nilipofika pale ambapo mtoto anaambiwa mama yake atarudi, koo likaniziba kweli, bila ya kalenda, nikawa natoa sauti nyembamba tu isiyo na maneno, na machozi yananishuka juu ya mlango wa friji.

Shoga yangu akanishika bega, akaniambia hivi, neno kwa neno:

"Nyamaza, shoga. Kwa sauti hiyo watasimama wenyewe, na mume wangu kamba ataiona kwenye simu tena."